Ndoano Uliyoibakiza Mwisho

Ndiyo, mdogo wangu, safari yako ya mtoni ipo, usituulize tena. Mwaka umezunguka tangu ulipoinamia cherehani yako mchana ule usiinuke, nasi tukadhani safari umeondoka nayo. Kumbe.

Tulikuita Kastabani, kwa kile kikofia cha chuma cha kidoleni ambacho hukukivua hata ukila. Watoto wa majirani uliwashonea kaptula, ukisema ni vitambaa vimebaki tu. Nani alikuamini?

Lakini roho yako ilikuwa kwenye ule mto wa maji baridi, unaosifiwa na kila mvuvi kwa samaki wake trauti. Jioni ulikaa ukifunga manyoya ya jogoo kwenye ndoano kwa uzi wa cherehani, ili trauti adhani ni mdudu. Kila mtu wa nyumbani na ndoano yake. Yangu uliiweka mwisho. "Kaka, wewe utawafukuza samaki kwa mdomo." Ukaondoka hujaigusa. Siku ya kukuzika tuliiona wote, tupu, haina hata unyoya.

Mkeo akalifungia kopo la ndoano kwenye droo ya cherehani, ufunguo akauvaa shingoni. "Mtoni hatuendi," akasema, "na mezani pake hakai mtu." Tangu hapo tunakula kila mtu na kona yake, sahani magotini, kama wapita njia.

Leo tumembembeleza, mimi, binti yako na mkweo dereva: twende tukamalizie ulichokipanga. Ameuvua ufunguo shingoni, akafungua droo.

Ndoano yangu imefungwa. Unyoya mwekundu, uzi umezungushwa kwa kushoto, kama ulivyozungusha wewe tu. Na ile tabia yako ya kulamba uzi, mdogo wangu. Uzi ulikuwa bado umelowa.

"Nani kaishika?" mkeo akauliza.

"Mama, ufunguo si unao wewe," binti yako akajibu kwa sauti ndogo.

Mimi nikanyoosha mkono. Mkeo akaniwekea ndoano kiganjani. "Shemeji, Jumamosi ukanyamaze huko mtoni." Akaenda kuifuta meza.

Tunaokukumbuka ni mkeo, binti yako, mkweo, na mimi kaka yako. Hututoki moyoni, na naona nyumbani pia hujatoka.

Nimeitwa, namalizia kuandika hapa mezani. Chakula kinafuka moshi. Kiti chako tumekikuta kimeshavutwa, wala hakuna aliyekivuta. Basi tumekizunguka, tumekaa wote, tunakula.