Shilingi Mbili kwa Kila Mkia

Bongwe,
12 Januari 1964

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na wote wa hapo Kikoneni mu wazima, na kifua chako kimepoa tangu tulipoagana. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama yuakusalimu sana.

Mjomba, ile kazi ya kutega fuko uliyonifunza imenifungulia mlango. Mzungu mmoja wa Diani ana bustani ya nyasi, na fuko wameijaza vichuguu. Nyapara wake alikuja akaniuliza, "Watoza kiasi gani?" Nikaduwaa, maana sijawahi kuulizwa. Nikataja lililonijia mdomoni: shilingi mbili kwa kila fuko, na mkia nitaleta uwe ushahidi. Akakubali upesi mno, hata nikashuku nimejipunja.

Sasa majirani wa hapa nao wananiita kwenye mihogo yao. Nieleze, bei hupangwaje? Kwa mkia, kwa siku, au kwa shamba? Nangoja neno lako.

Mpwao,
Matano


Bongwe,
3 Machi 1964

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Hali zenu? Sijapata jibu, nami nahofu barua ilipotea njiani au wewe u mgonjwa. Nijulishe japo kwa mstari mmoja.

Nimeamua mwenyewe: shilingi mbili kwa mkia, kwa mtu yeyote. Nimenunua baiskeli. Wiki jana alikuja Mama Mwanaima, yule mjane Mbeyu mwenye shamba nyuma ya kisima. Muhogo wake unanyauka kwa safu nzima. Ukiung'oa, chini hamna kitu. Akaniomba nimtegee, atanipa chochote akivuna.

Nikamwambia, "Mama, nikikupunguzia wewe, kesho Bongwe nzima watataka kupunguziwa."

"Hao fuko ni wengi, Matano. Kwa mkia sitaweza."

"Basi bei ndiyo hiyo."

Alifunga leso yake akaenda zake. Naona nilisema sawa, lakini tangu siku ile nikifika kisimani napita upande wa pili. Wewe ungefanyaje?

Mpwao,
Matano


Kikoneni,
20 Aprili 1964

Kwa mpwa wangu Matano,

Waalaikum salaam na marahaba nyingi. Mimi ni mzima, kifua hakinisumbui. Barua zako zote mbili nilizipata.

Bei ya mkia iache. Huoni ubaya wake? Aliyeliwa zaidi ndiye unayemtoza zaidi. Tena wewe mwenyewe utaanza kufurahi ukikuta fuko wengi, na ipo siku utamwacha jike mwenye mimba ili kazi isiishe.

Kwa Mzungu, zunguka bustani kwanza. Tazama vichuguu vyenye udongo mbichi, pima ukubwa wa mahali, hesabu na mwendo wako wa kwenda na kurudi, na waya wa mitego utakaopotea. Kisha mpe bei moja ya kazi nzima. Nusu akupe ukianza, nusu baada ya juma kupita bila udongo mpya. Zile nyasi yeye hazili, ni za kumpendeza macho tu; usimwonee haya kumtajia bei.

Mkulima ni mwengine. Muulize muhogo ule ni wa kuuza au wa chunguni. Kama ni wa chunguni, tega kwanza, avune, kisha akupe katika ule uliookoka. Kwa Mbeyu nenda kesho, usingoje kuitwa.

Mjombako,
Boga


Bongwe,
2 Mei 1964

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Mimi siwezi kusema sijambo.

Barua yako imenikuta nimechelewa. Mama Mwanaima alikwenda Ukunda akanunua sumu ya panya, akaipaka kwenye vipande vya muhogo na kuvisukuma mashimoni. Vilivyosalia vilibaki ndani ya pakacha, naye akaingia ndani kuswali adhuhuri. Mbuzi wake walikata kamba wakavila. Alipotoka walikuwa wamelala, mapovu mdomoni, wote watatu. Hata nyama hakuweza kuuza, ilibidi kuwafukia.

Wale mbuzi ndio waliokuwa karo ya Mwanaima. Msichana ametolewa skuli. Nilimpelekea mamake pesa. Hakuzigusa. Alisema, "Nafasi yake ishapewa mwengine," akaendelea kupepeta mchele.

Hakuna mtu aliyenilaumu, mjomba. Wanasema ni ajali. Ningeona nafuu wangenitukana.

Matano


Kikoneni,
15 Mei 1964

Mwanangu Matano,

Salaam. Nimeisoma barua yako mara nyingi.

Nikwambie ukweli. Barua yako ya kwanza ilinifika Januari hiyo hiyo. Nilikasirika. Nilikufunza kutega kwenye mashamba ya ndugu zetu, ambako ujira wangu ulikuwa chakula cha mchana tu, na wewe waniuliza bei. Nikajisemea, acha ahangaike. Ya pili ilipokuja, jibu nilikuwa nalo, nikalikalia zaidi ya mwezi kwa kiburi tu. Basi usijibebeshe peke yako. Mbuzi wale nami nimo.

Usimpelekee tena pesa mlangoni. Nenda na waya na fito.

Mjombako,
Boga


Bongwe,
27 Septemba 1964

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumai wote wazima. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilitaka kwanza niwe na la kukuandikia.

Nilikwenda kama ulivyosema. Mama Mwanaima aliniacha nimesimama juani, kisha akauliza, "Umekuja kuhesabu mikia?"

"Nimekuja kutega, mama."

"Usinitegee. Nifunze, kisha uende."

Nikamfunza: kufungua njia ya fuko, kupinda ufito, kuweka kitanzi cha waya na kurudishia udongo bila kuubana. Ana mikono myepesi kuliko yangu. Sasa wanawake wa Bongwe wanamwita yeye, nao humlipa muhogo wakivuna. Mimi hawaniiti tena, na sina kinyongo.

Nimepata bustani ya hoteli huko Diani, na bei nilipanga kwa njia yako. Juzi nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi nikifukua, akapita msichana amejitwika kapu la mashuka ya wageni. Ni Mwanaima. Anafua pale tangu Julai. Alisimama na mzigo wake kichwani, akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo, kaka Matano."

Ile marahaba haikunitoka, mjomba. Akadhani sikumsikia, akasogea karibu, akaniamkia tena.

Mpwao,
Matano