Faru Wawili wa Safina

Majengo, Nairobi
Jumapili, saa ya ibada, nami sikwenda

Kwako Mama Mutinda, mke wangu,

Kabla hujauliza: ninakula, ninalala, na meno niliyoondoka nayo bado ninayo, kasoro moja. Na wewe je? Lile goti lako linalotabiri mvua limesema nini msimu huu? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anatuchezea? Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu najua mke wa Mutinda ndiye anayekusomea, na Kikamba bado kinamteleza kinywani. Mkazamwana, habari yako? Yale mambo ambayo mzee humwandikia mkewe nimeyaacha kwa heshima yako. Mama Mutinda atayajaza mwenyewe.

Sasa kaa vizuri. Mume wako amekuwa meneja wa kampuni ya kompyuta. Nina ofisi ghorofani huko Buruburu, nina kiti kinachozunguka, nina simu mezani, na wateja wananingoja mpaka kwenye ngazi. Waambie akina mama wa kanisa. Mwambie hasa yule aliyesema nitafia mjini nikiwa na kopo la rangi mkononi.

Umeshawaambia? Basi rudi uwaambie polepole kwamba kiti ni cha Njeri. Simu pia ni ya Njeri, na ngazi ni ya mwenye duka la dawa aliye chini yetu. Mimi nina benchi, na hata hilo nusu yake imewekewa makaratasi. Wateja hawaningoji popote. Mimi ndiye ninayewafuata kwa miguu, jua na vumbi.

Huyo Njeri ni msichana wa Murang'a, umri wa kitindamimba wetu, amesomea kompyuta mpaka macho yamekuwa mekundu. Kazi yake ni kuwatengenezea watu wa biashara ndogo ndogo kurasa za intaneti. Usiogope hilo neno. Chukulia ni bango la duka, ila halisimami barabarani. Limo ndani ya kompyuta, na mtu aliye Uholanzi akifungua ya kwake analisoma kana kwamba amesimama mlangoni pako. Hata mimi siamini sana, lakini nimeliona.

Unajua mkono wangu ulianza kutetemeka. Nikiandika bango la "Kinyozi" herufi zilikuwa zinatembea kama zimetoka kilabuni. Watu wakaacha kuniita. Njeri naye alikuwa akizunguka Majengo na Gikomba kutafuta wateja, anafukuzwa kila mlango, na kila mlango anaona mwandiko ule ule. Akauliza, "Hawa wote wameandikiwa na nani?" Wakamwonyesha mimi, nimekaa kwenye kivuli nikikosa adabu na wapita njia.

"Guka," akaniambia, maana kwao babu huitwa hivyo, "wewe wanakufungulia. Nenda uwaulize wanauza nini, uandike, uniletee. Halafu baada ya muda unarudi kuuliza ni nini kimebadilika. Ukurasa usipotunzwa unaoza kama sukuma wiki."

Basi nikaanza. Kwa kuwa wateja wenyewe hawana kompyuta, tunawachapia ukurasa wao kwenye karatasi, nami ninawapelekea wautundike dukani. Yule fundi cherehani wa karibu na msikiti aliutazama wake akaniuliza, "Na mzungu akinisoma huko, mimi huku nitajuaje?" Nikamwambia sikio litamwasha. Mpaka leo anajikuna kila nikipita. Na kuna mama mwenye hoteli ambaye kila asubuhi ananishika shati: "Mzee, kaandike maharagwe yamekwisha!" Njeri akasema, "Mwambie huyo mama ile si ubao wa chaki." Sikumwambia. Mimi humjibu, "Nimeandika," naye hunipa chapati.

Kicheko kinaishia hapo, Mama Mutinda. Jambo lililonikalisha chini leo ni la kaka yako.

Najua Kilonzo yuko hapo nyumbani, na amekuambia amerudi kwa sababu ya mgongo. Mgongo wake ni mzima kuliko wangu. Amerudi kwa sababu yangu.

Hujawahi kufika kule wanakochongea vinyago, kwa hivyo nikueleze. Wanaume wa kwetu wanakaa mstari mmoja chini ya mabati, kila mtu na kigogo chake cha kukalia, na kila mtu na mnyama wake. Kilonzo ni faru, kama baba yenu alivyokuwa faru. Musyoka anayekaa kando yake ni simba. Yule wa mwisho ni twiga. Mtu hagusi mnyama wa mwenzake. Mgeni akija kwa Kilonzo akitaka simba, Kilonzo anamwonyesha Musyoka kwa kidevu, basi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, na sijaona ikivunjwa tangu nije mji huu nikiwa na nywele.

Nilipokwenda kumchukulia maneno ya ukurasa wake, alisema, "Andika: Kilonzo, faru."

"Na nini tena?"

"Na nini tena nini? Faru."

Nilimcheka. Wewe unanijua. Maisha yangu yote hakuna duka nililoliandika kwa ukubwa wake. Kibanda cha meza tatu nimekiita Hoteli ya Kimataifa. Kinyozi mwenye wembe mmoja nimemwita Mtaalamu wa Nywele Afrika Mashariki. Na hakuna aliyedanganyika, kwa maana mtu akisoma bango anauona mlango chini yake, anacheka, anaingia. Huku Majengo bango lisilojisifu watu wanadhani mwenyewe ni mgonjwa. Kwa hivyo nikamwandikia shemeji yangu kama ninavyowaandikia wote: "Kilonzo, Bingwa wa Wanyama Wote, wa Nchi Kavu na wa Majini."

Njeri alisita. "Guka, huyu mzee anachonga wote kweli?"

"Wewe chapa," nikasema.

Akayachapa kwa Kiingereza, akaweka picha ya Kilonzo amempakata faru. Nami nikapeleka karatasi nikaigongomelea mwenyewe kwenye nguzo, juu ya kichwa chake, mahali ambapo mstari mzima utaiona. Kilonzo Kiingereza hana. Alitazama picha yake, akafurahi kimya kimya kama anavyofurahi, hakuuliza maneno yanasema nini. Nami sikumwambia.

Musyoka Kiingereza anacho. Alisoma, akarudi kukaa, akaendelea na simba wake. Lakini chai yao ya saa nne hutoka kwenye birika moja linalopita kwa kila mtu, na kuanzia siku hiyo birika likawa linamruka Kilonzo. Msasa akiazima, umekwisha. Tezo akiazima, ni butu. Aliniuliza, "Nimewakosea nini hawa?" Nikamwambia wana wivu wa picha. Nilidhani hivyo kweli.

Halafu siku moja Njeri akaniita kwa furaha mpaka mwenye duka la dawa akatoka nje kutazama. Oda imekuja kwa kompyuta! Mama mmoja wa Uholanzi, anafundisha watoto kanisani, anataka safina ya Nuhu. Wanyama wote, dume na jike. Amesoma kwamba Bwana Kilonzo ni bingwa wa wanyama wote.

Nilikwenda Majengo nikitembea kama kijana. Nikamsomea Kilonzo mbele ya watu wote, kwa sauti ya mnada.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa nini ananiuliza mimi simba?"

Nikakohoa. Yeye akainua macho polepole kwenye ile karatasi. "Shemeji, hiyo imeandikwa nini?"

Nikamwambia. Akamgeukia Musyoka. "Ndugu yangu, nichongee simba wawili. Twende pamoja katika hii kazi."

Musyoka hakuacha kusugua alichokuwa akisugua. "Bingwa wa wanyama wote aombe simba kwangu? Simba si wako sasa?"

Mstari ukacheka, lakini si kile kicheko chetu. Kilonzo akanitazama. Mama Mutinda, hapo ndipo mtu mzima angesimama na kusema, "Jamani, maneno haya ni yangu, huyu hakuyajua." Unajua nilisema nini? Nilisema, "Si ni maneno ya bango tu! Mnakasirikia bango?" Nikacheka na mimi. Nilikuwa peke yangu kucheka, maana wao walikuwa wameshanyamaza.

"Jina lililo hapo ni la nani?" Kilonzo akaniuliza.

"Lako."

"Basi nitachonga mimi."

Na akachonga. Mikono ile imezoea faru tangu utotoni, itasemaje kitu kingine? Simba alitoka na mabega ya faru. Twiga alikuwa faru aliyevutwa shingo. Nilipita kumtazama akiwa anamalizia njiwa wa Nuhu, na yule njiwa alikuwa na mgongo wa kubebea magunia. Nikasema, "Huyu akitumwa kutafuta nchi kavu, safina itazama kabla hajaruka." Nilitaka acheke. Siku zote nimemchekesha mimi. Aliweka njiwa chini, akafuta patasi moja moja, akazifunga kwenye gunia. Kesho yake kigogo chake kilikuwa kitupu, na yule njiwa nilimkuta mlangoni pangu. Kuaga, hakuniaga. Njiwa ninaye hapa mezani, ananitazama ninavyoandika.

Nilimweleza Njeri yote. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali anigombeze. Alisema, "Guka, ile si ukuta. Ukuta ukikosea unapaka rangi juu yake. Hapa mtu wa mbali hauoni mlango, anayaona maneno peke yake." Akafungua ule ukurasa, akauliza tuandike nini. Nikamwambia: Kilonzo, faru. Yale yale aliyonipa mwenyewe, nikayaona madogo. Akamwandikia pia yule mama wa Uholanzi kwamba hapa kila mnyama ana mtu wake. Mama akajibu kwamba amependa kusikia hivyo, na atangoja mpaka Krismasi.

Nikapeleka karatasi mpya. Ile ya zamani nikaing'oa mbele yao, nikawasomea mpya kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba, nikasema ya kwanza ilikuwa ya kichwa changu na Kilonzo hakuijua.

Musyoka akaniuliza, "Mbona siku ile hukusema?"

"Niliogopa tezo yako."

"Ungeogopa zaidi uso wa shemeji yako, mzee."

Nikakunja ile karatasi ya zamani nikaitia mfukoni. Musyoka akavuta gogo akaanza kuchonga simba jike. Wengine nao, mmoja mmoja. Sasa wanyama wamejipanga ubaoni wawili wawili, wamepakwa nta, wanapendeza mpaka wapita njia wanasimama. Wote wapo isipokuwa faru. Juzi ujinga wangu ukarudi, nikamwambia Musyoka, "Wewe una mkono mzuri, chonga na faru tumalize." Alinitazama kana kwamba nimemwomba akalale kitandani kwa Kilonzo. Mkazamwana, ruka hapo. "Faru wana mwenyewe," alisema. Wameacha nafasi katikati ya ubao, kati ya tembo na twiga. Kigogo cha Kilonzo hakuna anayekikalia. Birika la chai likifika hapo linasimama kidogo, ndipo linapita.

Nimezoea kupita pale kila asubuhi kumtania. Sasa nikipita sina wa kumtania, na wale wengine hawanichekeshi. Nimezeeka ghafla, Mama Mutinda. Mdomo huu umetuletea chapati nyingi, lakini safari hii umekula mtu.

Nisalimie Mutinda, umwambie paa la jikoni halitajiezeka. Nisalimie mama mkwe, mama wa huyo huyo Kilonzo, lakini msimsomee barua hii, bado ana nguvu ya fimbo. Nisalimie mwinjilisti, umwambie ninakwenda kanisani. Nisalimie na jirani mwenye punda, na punda pia.

Sasa lile deni. Siku wageni wa mahari walipokuja, muthokoi wako, yale mahindi ya kukobolewa, uliungua mpaka moshi ukawafuata uwanjani. Ndiyo, mkazamwana, wageni walikuwa wa kwenu, na sasa umejua. Nilisimama mbele yao nikasema ni mimi niliyezidisha kuni. Mama Mutinda, ulininong'oneza jikoni, "Baba Mutinda, hii nitakulipa." Bado hujalipa.

Sikuombi unitetee kwa kaka yako. Maneno yangu nitakuja kuyasema mwenyewe, yakiwa madogo. Nyuma ya ghala kuna kile kipande cha mpingo nilichokataa kukuachia ukipasue kuni. Jioni moja, ukimwona amekaa anaitazama mikono yake, kiweke karibu na miguu yake, kisha uende zako jikoni. Usimwambie kimetoka kwa nani, wala usimwambie ni cha nini. Kinatosha faru wawili.

Wako, mwenye benchi nusu,
Baba Mutinda