Sufuria ya Neema Iliyofunikwa Kikwembe

Yaya Riziki, dada yangu mukubwa,

Tangu tukuzike, kama muji huu wa Uvira ungali umesimama, ujue ni kwa sababu minye mudogo wako Kashindi nimeushikilia. Kuanzia Rugenge mpaka Songo hakuna jambo linaloamuliwa kabla sijaulizwa. Hata pasta, akitaka kuhubiri, ananiangalia usoni kwanza. Najua ungekuwa hai ungesema kama zamani: "Kashindi, gawanya maneno yako kwa mbili, ndipo nisikilize." Basi gawanya, lakini soma.

Ulikufa kabla vita havijatuingilia. Weye ulituacha tukisalimiana. Siku hizi muntu akikusalimia unajiuliza anataka nini. Jirani akifunga mulango mapema, tunashuku. Akiuacha wazi, tunashuku zaidi. Kanisani tunafumba macho kwa maombi, lakini jicho moja linabaki kazini. Langu ndilo linafanya kazi kuliko yote.

Na hilo jicho likamwangukia mutoto wako Neema. Nyumbani tuko wawili tu, yeye na minye, lakini alikuwa anapika bugali ya watu watatu. Anafunika sufuria na kikwembe chake cha kujifunga kiunoni, anatoka. Nikimuuliza: "Ninaenda maombi, Mujomba." Maombi gani yanabeba samaki wa ndagala? Nikasema huyu amepata mwanaume wa bunduki. Damu yako, Yaya, kumpikia muntu wa bunduki! Usingizi uliniisha.

Muchana mmoja nikamfuata. Unajua minye nikitembea hata majani hayasikii. Nikamwona anafungua kufuli la nyumba ya Mama Rebeka kule Songo, ile nyumba ambayo wote tulisema haina muntu. Mama Rebeka wako, yule mumama wa milima ya juu, uliyekuwa unakaa naye kanisani benchi la tatu, weye unashika kitabu cha nyimbo kwa kushoto, yeye kwa kulia. Vita vilipofika, watu wa avenyu, mutaa wake, walisema ati anapeleka habari kwa watu wa kwao wenye bunduki kule milimani. Nani alimwona? Hakuna. Lakini hata minye nilitikisa kichwa pamoja nao. Watoto wake walikimbia, tukaamini naye amekimbia. Kumbe magoti yalimkatalia, na Neema alikuwa anamufungia kwa nje ili nyumba ionekane iko tupu.

Nikaingia. Hata pale nilimshuku Mama Rebeka, na miguu yake imevimba vile. Nikamuuliza anaficha nini. Akaniambia, "Kashindi, tafuta. Kama niko na bunduki, utaikuta chini ya bugali." Akacheka kile kicheko chenu cha wawili. Nikamgeukia Neema: "Na weye wakikukamata?" Hakuinua hata macho. Alikuwa anatoa ndagala kwenye sufuria. "Mujomba, Mama mu kitanda cha hospitali alinituma nimurudishie Mama Rebeka kitabu cha nyimbo. Nirudishe kitabu, halafu mwenyewe nimuache afe na njaa? Kila siku ya Mungu tunaimba nini basi?"

Minye niliyebatizwa mu ziwa nikatoka na samaki mukononi, nikainama nikamushikia sufuria.

Kesho yake nikaenda naye, nikasimama kwenye mulango. Neema akiwa ndani, wakatokea vijana watatu wa avenyu na fimbo. "Papa Kashindi, humu iko nani? Batu banasema banasikia nyimbo." Yaya, neno moja tu, na wangeniita muntu wa maana mpaka leo. Unajua ninavyopenda kuitwa hivyo. Nikashika tumbo, nikasema: "Kolera. Iko mugonjwa anahara humu, na minye imenianza." Wakarudi nyuma kama waliokanyaga moto. Mmoja akarusha jiwe juu ya mabati, wakaenda. Mpaka leo hakuna anayekaribia ule mulango.

Nilisema uongo, tena hatua mbili kutoka kitabu chenu cha nyimbo. Ninaomba msamaha kila asubuhi, na kila asubuhi ninaomba pia wale vijana waendelee kuuamini. Sijui Mungu anayasikiaje hayo mawili pamoja. Muulize, weye uko karibu.

Na ona adhabu yangu: jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya, siwezi kulihadithia. Nikilitaja hata kwa kinyozi, kesho fimbo zinarudi. Jirani wa kushoto ananiangalia vibaya. Wa kulia ananiangalia vizuri mno. Umebaki weye peke yako, sikio lisilo na mudomo.

Lala basi, Yaya yangu. Sufuria itaendelea kutoka; Neema akichoka nitaibeba minye. Na siku Mama Rebeka atakapoingia tena kanisani, nitakaa naye benchi la tatu, nishike kitabu kwa kushoto. Unajua shule yangu ilikuwa fupi. Wataimba ubeti wa tatu, minye bado natafuta wa kwanza. Lakini nitashika, na anayetaka kuchungulia achungulie.

Kitu kimoja tu. Wale vijana hawakukimbia ulimi wangu. Nilipoziona zile fimbo tumbo lilifunguka lenyewe, kabla sijamaliza kusema "kolera", na suruali ikanitolea ushahidi. Neema aliifua, hajamwambia muntu.

Hii, Yaya, usigawanye kwa mbili.