Miaka ya Pikipiki Haipandi Ndege

Magomeni,
Mtwara.
Jumapili, 8 Septemba 2024.

Mpendwa mjukuu wangu Gideoni,

Salamu zingoje kwanza. Nijibu hili: nani alikufundisha kumtuma bibi yako akaombe uongo wenye muhuri? Si mimi. Wala si babu yako Josephu, Mungu amlaze pema, aliyefanya kazi bandarini mpaka akastaafu na hakuna mtu aliyewahi kumkuta na msumari wa wenyewe mfukoni. Tabia hiyo umeiokota huko uliko. Irudishe pale pale ulipoiokota.

Haya. Hilo limetoka, sasa tusalimiane kama watu. Marahaba, ingawa kwenye ule ujumbe wako hukuniamkia, ulianza tu na "Bibi naomba unisaidie jambo." Hujambo? Unakula? Lile joto ulilosema linapenya mpaka soli za viatu limepungua? Na kile kikohozi cha vumbi la godauni kimeisha, au unanificha? Mimi mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi za kanisani. Presha walinipima wakasema nipunguze chumvi. Nimeipunguza kwenye chakula cha wageni, na wageni wenyewe hawaji.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu unanishinda. Nikianza kukusema, mtandao unakatika. Nikitaja korosho, mtandao unarudi. Barua haina mtandao, utaisoma yote. Anakuja nayo Kubra, mkwe wa Mohamedraza wa dukani, anayekwenda huko Dubai kumwona dada yake. Nimemwambia asikupe korosho mpaka aone kwa macho yake umefungua bahasha. Mwandiko uvumilie. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwenye shamba la mwalimu.

Sasa turudi kwenye jambo lako. Ulisema kampuni inataka kukutoa godauni ikupe pikipiki ya kupelekea watu chakula majumbani, ila kwanza upate leseni ya huko. Ukasema chuo chao cha udereva kinampunguzia masomo mtu aliyekaa na leseni ya nchi alikotoka miaka mingi, na asiyekuwa nayo anaanza mwanzo kabisa, pamoja na watu ambao hawajawahi hata kukalia pikipiki. Ukaona aibu. Ukasema, "Bibi, mimi ndiye wa kuzungushwa kwenye koni? Mimi niliyepita matope ya Mpapura masika, na abiria wawili na gunia?" Basi ukanituma sehemu mbili: ofisi ya leseni wakupe barua ya kuonyesha leseni yako ni ya tangu lini, kisha, kwa ajili ya miaka ambayo ofisi haiijui, kwa Salumu, mwenyekiti wenu wa kijiwe cha bodaboda, aandike kwamba umeendesha kwa leseni miaka kumi.

Nilianza kwa Salumu. Nilimkuta amelala chali juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani kama mtu aliye kwake. Aliponiona akaruka.

"Shikamoo bibi. Mumeo hajambo huko?"

"Hajambo. Anataka uandike uongo."

"Ndiyo hilo tu? Muhuri si ninao? Bibi, nikiandika kumi, nani atapanda ndege aje kuniuliza?"

"Nakuuliza mimi, na nimekuja kwa miguu. Miaka yote hiyo Gideoni alikuwa na leseni?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mmoja akasema, "Huyo? Akiona shati jeupe la trafiki alikuwa anaingia na abiria mpaka kwenye mikorosho ya watu. Kuna mama wa Ziwani alishushwa chini ya mkorosho akaambiwa asubiri kidogo. Anasubiri mpaka leo."

Nilicheka na mimi, sikatai. Tangu uondoke sijacheka katikati ya watu wengi namna ile. Nilipoondoka nilikuwa bado natabasamu, nikageuka nikwambie jambo, nikakuta nipo na kikapu changu tu.

Salumu aliiandika kweli hiyo kumi yako. Akagonga muhuri, akanipa karatasi kwa mikono miwili kama anampa askofu. Nikashukuru, nikaja nayo nyumbani, nikawashia jiko. Mkaa ulikuwa na unyevu lakini karatasi ile ilishika vizuri. Chai yake nimeshakunywa.

Usinune. Leseni yako mimi ndiye mkunga wake, hakuna mtu wa kunidanganya umri wake. Ni siku ile ya kipaimara cha dada yako Lucy. Msimamizi wake alikuwa anaumwa huko Ziwani, tukawa tunampelekea pilau, askari akatusimamisha, wewe ukaanza kujipapasa mifuko wakati unajua hamna kitu. Pikipiki ikabaki kwao. Mimi nikatembea na gauni la sherehe na sufuria kichwani, watoto wakinifuata wakidhani nauza. Nilipofika pilau imepoa nikakuapia kwamba sikai tena nyuma yako mpaka nione kadi yenye sura yako. Ulininunia, ukaenda chuo, ukarudi nayo. Ukanipakia mpaka Mikindani na kunirudisha, na Mikindani sikuwa na shida yoyote. Miaka mitatu hiyo haijatimia, Gideoni. Kumi umeitoa wapi?

Ofisi ya leseni pia nilikwenda, nikiwa na ile karatasi yako ya kuniruhusu, nimeichapisha steshenari. Binti aliyenihudumia anaitwa Witness. Alinipa kiti, akatazama kompyuta yake, akaniambia polepole kama mtu anayeleta habari ya msiba, "Bibi, leseni yake ya kwanza si ya zamani sana." Nikamwambia, "Mwanangu, usinionee huruma. Andika kilichopo." Kaandika. Barua hiyo imo humu, ndiyo ya kuwapa hao wa chuo.

Najua utasema: lakini bibi, pikipiki niliendesha kweli miaka yote hiyo. Kweli uliendesha. Na mimi nilipoletwa hapa na babu yako kutoka Umatengo nilikuwa mkulima kweli, tena si wa kubahatisha. Kwetu kahawa ikiiva unachuma tunda moja unaliweka mdomoni, unalimung'unya, tamu, huku unaendelea kuchuma. Hakuna wa kukufundisha hilo, unazaliwa nalo. Nikafika hapa nikaona korosho mbichi. Nikajisemea, zao ni zao. Nikaiweka kwenye meno nikaipasua.

Wewe umezaliwa hapa, huna haja ya kuambiwa lile ganda lina nini ndani. Yale mafuta yake makali yaliniunguza, midomo ikavimba na kubabuka hadi babu yako akawa ananilisha uji kwa kijiko, anageukia ukutani kucheka, anarudi. Mama Kasiani, jirani yetu, alinipaka mafuta ya nazi akaniambia, "Mmatengo, kilimo chako umekiacha kwenu." Nilikasirika siku nyingi. Halafu akanikalisha na watoto wake wadogo, nikiwa mke wa mtu na mama yako mgongoni, tukafundishwa pamoja jinsi ya kuchoma na kubangua. Watoto walinicheka. Nilikaa nao. Leo nani Magomeni hii anabangua kunishinda?

Na wewe umeshaweka ya kwako mdomoni, ila unajifanya umesahau. Umesahau uliyonisimulia mwezi wa saba, ukicheka? Ulisema siku yako ya kwanza huko ulifika kando ya barabara, ukatazama kulia, ukaona kweupe, ukaingia. Gari likatokea kushoto. Mtu usiyemjua akakuvuta shati mpaka kifungo kikang'oka. Ukasema, "Bibi, kumbe hawa wanapita kulia." Ukacheka sana, ukaniambia nicheke.

Sikucheka. Nilizima simu nikakaa. Maana aliyekufundisha kutazama kulia ni mimi. Ulikuwa na kaptula ya kijani, tumesimama pale barabara ya kwenda bandarini, nimekushika mkono wiki nzima, asubuhi na mchana, ninasema tazama kulia, tazama kulia, mpaka ukawa unatazama bila kuambiwa. Nilikufundisha vizuri. Fundisho lile lile zuri ndilo lilitaka kukuondoa.

Na hapo ulikuwa kwa miguu. Sasa unataka kuingia katikati ya magari yao, juu ya pikipiki, chakula cha watu mgongoni, wenyewe wanapiga simu wanasema kimechelewa. Hiyo miaka kumi unayojivunia yote ni ya kushoto. Siku usipoharakishwa utakumbuka. Siku ukiharakishwa mwili wako utarudi Mtwara wenyewe, na wewe utakuwa Dubai. Hicho unachoomba wakupunguzie ndicho unachokihitaji.

Hapa nyumbani pikipiki yako ipo sebuleni, nimeifunika na kitenge kile cha msiba wa babu yako. Sebule inanuka petroli, padri alipokuja kuniletea komunyo nilipougua alitazama huku na huku asiulize. Erasto fundi alitaka kuikodi nikamkatalia. Akasema basi angalau iwe inawashwa, isije ikafa. Anakuja Jumamosi, anaiwasha hapo mlangoni. Akiiwasha naacha ninachofanya. Akiizima naendelea. Helmeti yangu ipo juu ya kabati. Kanisani naenda kwa miguu, kwa sababu hao wenzako wa kijiwe hawajui kwamba nikishuka lazima nishikwe kiwiko, na mimi siwezi kumwambia mtoto wa watu anishike.

Kwa kuwa nimekukataza uongo, na mimi nikwambie ukweli. Karatasi ya Salumu sikuichoma mara moja. Niliiweka mezani, nikaitazama mpaka mboga ikaungua na jiko likazima. Nilikuwa nafikiri: nikimpelekea, hao watu wakagundua, watamfukuza, atarudi. Nyumba hii ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Lucy yuko bweni Masasi, likizo anakuja na vitabu, anaondoka na vitabu. Nilishakuona unaingia na begi lako umenuna, nami nakukaripia huku naweka chungu cha pili motoni. Nililitaka hilo, Gideoni. Nililitaka sana.

Halafu nikafikiri je, wasipogundua. Mzee Petro pale mtaa wa pili na yeye alikuwa anangoja kijana wake arudi kutoka ng'ambo, na alirudi kweli, watu sita wakamshusha kwenye gari, na hatukuruhusiwa kufungua sanduku. Nikasimama nikachukua kiberiti. Upweke wangu nimeuzoea, na uji wa mtu mmoja najua kuupima. Kuzoea hilo jingine sina umri tena.

Kwa hiyo kama kukaa na wanaoanza kutakuchelewesha godauni, chelewa. Kama hao wenzako wa chumbani watakucheka, waache wacheke, ni wenzako. Na kama kampuni haitaki kungoja, nauli ya kurudi omba kwangu, usimwombe mtu mwingine.

Mama Kasiani anakusalimu, macho yake sasa hayaoni mbali lakini umbea anausikia vizuri kuliko zamani. Lucy anakusalimu, anasema usimtumie viatu, mtumie kikokotoo cha hesabu. Erasto anasema betri ni nzima. Salumu anakusalimu na kijiwe chote, anasema muhuri wake bado upo. Nimemwambia na kiberiti changu bado kipo. Msalimie Kubra ukipokea mzigo, umwamkie na dada yake, usiwe kama kwenye ujumbe. Korosho nimebangua mwenyewe, zimekaangwa na chumvi, ile niliyokatazwa.

Mungu wa babu yako akutangulie kila kona, na Mama Maria asimame upande ambao wewe umesahau kutazama.

Ndimi bibi yako, na mke wako mzee anayekupenda asiyejua kukubembeleza,

Skolastika Komba.

Tena: ukimaliza kusoma, usinipigie kwanza. Kesho asubuhi vaa shati safi, chukua barua ya Witness, nenda huko chuoni ukawaambie wakuandikishe na wasiojua kitu, na ukae mbele. Ukitoka mlangoni, kabla hujakanyaga barabara, tazama kushoto.