Zege la Kuanikia Alizeti

Jumamosi, Mandewa. Upepo mkali, vumbi hadi kwenye meno.

"Ukishaona hati safi, nyumba umeshaikagua. Mengine ni uoga wa wasomi." Hivyo ndivyo alivyoniandikia msomaji mmoja wiki iliyopita, nilipotangaza hapa kwamba natafuta nyumba ya kununua niipangishe. Upuuzi mtupu.

Hati niliiona. Safi. Nikakagua hata hivyo, kama ninavyokagua hoja ya mtu nisiyempenda: nikagonga kuta, nikapanda darini kutafuta mchwa, nikamwaga maji sakafuni nione yanaelekea wapi. Dalali akachoka.

"Mzee, unanunua nyumba au unaoa?"

Uani kulikuwa na zege bapa, jipya. Nikalipanda, nikalipiga kwa kisigino.

"Gonga tu mzee, hilo la uhakika. Wapangaji wataanikia alizeti."

Mama mmoja mtu mzima akatoka jiko la nje, ungo mkononi. Nikamwamkia.

"Marahaba. Shuka kwanza, baba. Umemkanyaga mume wangu."

Nilishuka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Huku kwetu tunazikana nyumbani. Baba yangu mwenyewe amelala nyuma ya nyumba yetu. Na bado sikuona! Mama akanieleza: shemeji yake aling'oa msalaba akidai anakwenda kuupaka rangi, kisha akaleta watu "kumjengea kaka kaburi."

"Na nyie ndio mafundi wa kuziba nyufa aliosema shemeji atawaleta?" akauliza.

Dalali akatazama simu yake.

Mama hakujua lolote. Nyumba yake inauzwa, naye anapepeta mtama awapikie mafundi.

Jina kwenye hati ni la shemeji huyo. Limefikaje pale? Nilimwuliza dalali. "Mambo ya ukoo hayo, mzee. Kaburi linahamishika." Nilichomjibu hakiandikiki hapa. Kisha nikamwambia mama ukweli wote. Hakulia. Aliketi palepale kwenye zege, akalipangusa vumbi la viatu vyangu kwa kanga.

Jioni dalali kanitumia ujumbe: kama sitaki, wapo wawili wanakuja Jumatatu.

Ninyi wawili, Singida ni ndogo, najua mnanisoma. Msianzie sebuleni. Zungukeni uani, mvue viatu, mumwamkie yule mama, kisha mumwulize yeye kama anauza.