Babu Happy Hana Ruhusa

Jumatatu, 16 Juni 2025
Nimepewa kompyuta! Mimi, Jovitus wa kuishia darasa la tano. Kupima asali ya chama nilikuwa napima, sasa na kilo niingize mwenyewe – kasema mwenyekiti, Mzee Bonaventura. Dada Adventina, karani wetu, kanifungulia jina langu na namba ya siri. Nikapima ndoo ya mama Deodata. Nikaandika. Nikabonyeza. Ikaja nyekundu: HUNA RUHUSA. Nikatoa mkono kama nimeumwa na nyuki.

Jumanne, 17 Juni
Bado. Na Dada Adventina naye imemkatalia. Kapigiwa simu fundi Erasmus, Biharamulo mjini. Anasema mfumo umebadilishwa juzi, sasa ruhusa inatoka kwa mwenyekiti tu. Mzee kavaa miwani, kajaribu. Na yeye – huna ruhusa! Fundi akamwambia atafute jina lake kwenye orodha ya wanachama. Bonaventura hayupo.
"Nimefutwa!" Mzee kapiga meza. "Chama nimekianzisha mimi, na mizinga yangu! Nani kagusa hii mashine?"
Wote wakanitazama. Nikaangalia ndala zangu.
Gari la kuchukua asali linafika hapa Nyakahura keshokutwa. Ndoo bila lebo hawapakii, na lebo zinatoka humo humo kwenye kompyuta. Mimi niende kuosha ndoo mpaka ijulikane nani kagusa. Kompyuta nimekaa nayo siku moja!

Jumatano, 18 Juni
Ukiosha ndoo unasikia mengi. Dada Adventina kampelekea mzee chai. "Babu Happy, chai yako." Happy ni binti yake, mzee ni baba mkwe wake.
Nikasimama na ndoo inamwaga maji. Sijawahi kumsikia akitaja jina la mzee! Huku kwetu mke hataji jina la baba mkwe, hata mama hataji la babu. Na wanachama wote kawaandika yeye.
Nikazunguka zunguka mpaka akabaki peke yake.
"Dada… mzee kwenye kompyuta umemwandikaje?"
 Kacheka mpaka kakalia ndoo. "Sasa ningemwandikaje, Jovi? Babu Happy!"
Ndiyo maana! Kitambulisho cha mzee kinasema lingine, mfumo unasema lingine, ndiyo haumtambui. Atamwambia leo nyumbani. Kaniomba nisitangaze. Mimi na kutangaza wapi na wapi!

Alhamisi, 19 Juni
Gari liko nje, linapiga honi. Mzee kafika anacheka, kaniomba radhi mbele ya watu. Kanipa na sega zima. 
Fundi yuko kwenye spika: jina linabadilishwa kwa namba ya karani tu. Dada kafungua. Kaweka vidole. Kaondoa. Kaweka.
Mzee kaelewa. "Ngoja nikaangalie mbuzi." Katoka.
Bado! "Katoka yeye," Dada kasema, "jina si limebaki?" Kaniachia kiti. "Andika wewe, mimi nafumba macho."
Nikaandika.
"Haya dada," fundi kasema, "nisomee hilo jina nihakikishe."
 Dada kaziba mdomo. Dereva mlangoni, mama Deodata mlangoni, wote wananitazama tena. Nikasoma mimi. Kwa sauti!
Sasa kiduara kinazunguka. Mtandao wa huku! Naandika huku nasubiri. Mzee kachungulia dirishani:
"Jovitus! Nimeshakuwa mimi?"
"Bado, baba! Subiri hapo hapo!"
Yesu wangu – nimemwamuru mwenyekiti. Na kasubiri! Kiduara bado kinazung– Imekubali!