Dumu Nusu la Maji ya Betri

Jumatatu, 1 Machi 1999
Kaseti yazunguka, naona; mie siandiki, nasema humu. Haya. Kabla ya magharibi nimejaza vyombo vyote vya maji, mtungi, ndoo, birika, kama kila siku tangu nilipoolewa. Chombo hakilali nusu nyumbani mwangu. Mama mkwe alinifunza hivyo, kisha akanichukia, lakini hiyo ni hadithi nyengine.

Maimuna, mjukuu wangu asomaye chuo cha Buxton, hapa Mombasa, alasiri yuwaleta kazi yake hapa ukumbini. Ana vifuko vya plastiki, vidogo hata havionekani, ndani mna rangi. Yuwachovya kioo kwenye dawa, yuwasuuza, yuwachovya kwenye vifuko, yuwasuuza, tabaka juu ya tabaka. Hii yavuta ile, asema. Nikamwambia mie nimewapaka hina mabiarusi miaka arubaini, najua tabaka. Akacheka: "Bibi, hina yako waiona!"

Ati siku moja vifuko hivyo vitabeba dawa mwilini. Ijumaa mwalimu atazama. Visiposhika kiooni, nafasi ya kuendelea na masomo apewa mwengine.

Jumatano, 3 Machi
Vyaharibika tangu jana. Kioo kina mabaka kama choa. Chupani vifuko vimegandana chini, maziwa yaliyokatika hasa. Rangi yote imetoka.

Maimuna amemlaumu Kazungu, mwenzake wa chuoni, kijana wa Rabai, ana adabu zake. Yeye ndiye aletaye maji ya kusuuzia, ya betri za gari, yasiyo na chumvi hata chembe.

"Umejaza ya bomba! Ungesema umechoka kwenda gereji."

"Maimuna, haki ya mama, ni ya betri."

"Mamako usimtie."

Kazungu akaondoka, chai hakumaliza. Mie nilikuwa nachambua mchele. Nikaendelea kuchambua.

Alhamisi, 4 Machi
Lile dumu jeupe nyuma ya mlango, la maji ya betri ya Kazungu, Jumatatu lilikuwa nusu. Nililijaza mie. Maji ya kisima chetu, ambayo hata sabuni haitoi povu kwa chumvi. Mkono ulijaza wenyewe.

Nilijua tangu jana. Naogopa. Siogopi kelele. Jirani yangu Mwanaisha, wanawe wamemfungia jiko, ati amezeeka. Hilo ndilo naogopa.

Maimuna asema kesho atamwambia mwalimu amtoe Kazungu kwenye kazi.

Ijumaa, 5 Machi
Nimevaa buibui nikaenda Buxton kwa miguu, jua hili. Nimewakuta langoni wote wawili, kila mtu atazama kwake. Nikasema ni mie niliyejaza dumu. Pale pale, kabla pumzi haijarudi.

Maimuna akageuka akaingia ndani. Kazungu alinishika mkono akaniketisha kivulini. "Bibi, nyanya yangu alifua daftari langu la hesabu. Akalianika."

Nikacheka nikalia. Mwalimu amewapa hadi Jumatano warudie kazi.

Jumapili, 7 Machi
Maimuna hasemi nami. Asubuhi ameniwekea chai. Sukari imezidi. Nimekunywa.

Jumatano, 10 Machi
Kioo kimepita. Rangi moja toka ncha hadi ncha, kama kucha ya biarusi. Amenipa nikishike kwa leso, nisiguse. Hajanifungia kitu.

Alasiri nimejaza mtungi, ndoo, birika. Dumu liko nyuma ya mlango, nusu. Nikalitazama. Nikapita.